Historia ya fanfari ya mji mdogo: tuanzie kwa wazee au kwa vyombo? (Kipushi, Likasi, Lubumbashi)

Kijana_wa_Kipushi

Jambo yenu wote. Parokia moja pembeni ya mji imefungua depo ya zamani ya fanfari yake (bendi ya vyombo vya shaba). Mumetoka vyombo vya kupuliza 17, ngoma 3, matoazi jozi moja na madaftari 4 ya nota. Madaftari hayana tarehe hata moja. Kamati ya jubilei inaomba vitu viwili: historia ya kurasa kumi hivi, na vyombo vinavyoweza kupona virudi kwenye maandamano. Wazee waliopiga zamani kila mmoja ana mwaka wake: 1938, 1947, 1955. Tuanzie wapi bila kumvunjia mtu heshima?

Solfeji_Kamalondo

Ndugu, usianze na wazee. Ukimuuliza mzee mwaka kabla hujajua chochote, atakupa mwaka, na akishausema mbele ya watu hataurudisha. Anza na madaftari, maana wapigaji hunakili kile wanachotakiwa kupiga wiki hiyo, na serikali ndiyo huamuru wimbo wa taifa upi upigwe.

Tafuta nyimbo za taifa humo ndani:

La Brabançonne, wa Ubelgiji: ukurasa huo ni wa kabla ya 30 Juni 1960.
La Katangaise, wa Katanga ilipojitenga na Kongo, ambao muziki wake ni wa Joseph Kiwele: kati ya Julai 1960 na Januari 1963. Huu ukiupata umepata dhahabu, kwa sababu dirisha lake ni la miaka miwili na nusu tu.
Debout Congolais, wa Kongo huru: hapa uangalie. Ulipigwa kuanzia 1960 hadi 1971, ukarudi 1997. Huku kwetu Katanga ya mjini, haukuingia kwenye madaftari kwa uzito mpaka kujitenga huko kulipokwisha mwanzoni mwa 1963.
La Zaïroise, wa Kongo ilipoitwa Zaïre: 1971 hadi Mei 1997.

Sasa tazama mpangilio. Daftari ambalo Debout Congolais upo ukurasa wa 6 na La Zaïroise upo ukurasa wa 31, kila kitu katikati yao kwa kawaida ni cha miaka ya 1960 hadi 1971, hata kama ni wimbo wa Noeli. Ila hakikisha kwanza kwamba karatasi hazikuchomolewa na kushonwa upya. Hesabu karatasi kutoka kwenye uzi wa katikati kwenda kila upande: zikiwa 12 kushoto na 9 kulia, tatu zimechanwa.

Na wino. Nota zilizoandikwa kwa biki haziwezi kuwa za 1938, kalamu hizo zilianza kuuzwa kwa watu wengi baada ya vita ya pili. Kalamu ya kuchovya inaacha mstari unaonenepa mkono ukishuka na kukonda ukipanda. Biki mstari wake ni ule ule kote, na ukipapasa nyuma ya karatasi unasikia mfereji.

FundiMukuba

Naongezea upande wa chuma. Washeni tochi mlaze mwanga pembeni ya mdomo mpana wa kila chombo. Alama zimesuguliwa na Brasso miaka mingi, mwanga wa mbele hauzionyeshi.

Kwenye vyombo vya zamani vya Kongo mutakuta zaidi Mahillon wa Brussels, Van Engelen wa Lier, Couesnon wa Ufaransa, na vya Kiingereza kama Besson na Boosey & Hawkes. Hili la mwisho lina faida: Boosey na Hawkes ziliungana 1930. Chombo chenye majina yote mawili hakiwezi kuwa cha 1925, hata mzee akiapa. Couesnon mara nyingi walipiga chapa ya bomu dogo linalowaka moto, na tarakimu za mwaka pembeni yake, moja kushoto moja kulia. Watu huzidhani ni namba za chombo.

Lakini kumbuka: mwaka wa kutengenezwa ni mwaka wa mapema kabisa. Chombo cha 1921 kinaweza kuwa kilipigwa Ubelgiji miaka thelathini, kikaletwa kikiwa mitumba. Kwa hiyo andikeni "haikuanza kabla ya", musiandike "ilianza".

Kitu cha pili ni kimo cha sauti, maana yake nota ya la iko juu kiasi gani. Chukueni simu yenye kipimo cha sauti, mvute kulisi kuu (lile bomba la kurekebishia) hadi ndani kabisa, mpige si bemoli ya chombo. Kama sauti inakuja juu karibu robo ya toni, yaani la iko mitetemo 452 kwa sekunde badala ya 440, mkononi muna chombo cha Kiingereza cha sauti ya juu. Bendi za huko zilishikilia sauti hiyo hadi miaka ya 1960. Vyombo vya Ufaransa na Ubelgiji vilifuata 435, baadaye 440.

Hii si habari ya jumba la makumbusho tu. Chombo cha 452 hakiwezi kukaa na cha 440 kwenye mstari mmoja. Tarumbeta la si bemoli lina bomba la karibu mita 1.48. Kulishusha robo ya toni kunadai sentimita 4 zaidi, na kwa kuwa kulisi ina miguu miwili, unaivuta sentimita 2. Hilo linawezekana, na kulisi za pistoni (vile vitufe vya kubonyeza) nazo uzivute kidogo kidogo kwa kadiri yake. Tuba ya si bemoli ina mita 5.5: hapo unadaiwa karibu sentimita 16, uvute 8, na kulisi nyingi hazina huo urefu, inakudondokea miguuni.

Yaya_wa_Mbeni

Mimi nashika neno "ilianza". Historia nyingi za fanfari zinaandikwa hivi: padri alileta matarumbeta, watoto wakafundishwa, mwisho. Mnaruka mbeni.

Mbeni ni ngoma ya kupanga mistari kama askari, na jina lenyewe ni neno "bendi" lililogeuzwa. Ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, ikaingia Tanganyika. Vita ya kwanza ikawachukua askari wa Force Publique (jeshi la kikoloni la Kongo) na wapagazi wao hadi Tabora, iliyotekwa Septemba 1916. Waliporudi, walirudi nayo. Miaka ya 1920 mbeni ilikuwa inachezwa Elisabethville (Lubumbashi ya leo), kwenye cité, mtaa wa Waafrika, na vyeo vyake: kingi, gavana, jenerali, daktari. Hakukuwa na lazima ya shaba. Upande wa Malawi na Zambia walikata vibuyu, wakatoboa tundu na kulifunika kwa utando wa buibui: ukiimba ndani, kibuyu kinanguruma kama tromboni. Ngoma kubwa na ndogo zilishonwa hapa hapa.

Zaidi ya hayo vilikuwa vyama vya kusaidiana: mtu akifa, chama kinamzika. Kwa hiyo mukikuta fanfari yenu ina "daktari" anayebeba maji, au ina kasha la kilio ambalo kila mpigaji anachangia, musiandike kwamba padri ndiye aliyevibuni. Ulizeni wazee ni nani waliopokea vyeo hivyo na kutoka kwa nani.

Solfeji_Kamalondo

Yaya, hapo umesema kweli, ila tusiviunganishe kwa gundi isiyokuwepo. Mbeni na fanfari ya misioni ni mabomba mawili. Yanakutana pale tu unapopata mtu mmoja aliyepita kote kuwili: mpiga ngoma wa mbeni aliyechukuliwa kupiga ngoma kubwa ya parokia. Mtafute mtu huyo kwa jina. Akikosekana, andika sura mbili.

Upande wa misioni tarehe zake zinajulikana. Wabenediktini walifika Katanga 1910, mwaka ule ule mji ulipozaliwa na reli ilipofika kutoka kusini. Wasalesiani walikuja 1911, na kwao bendi ya vijana ni desturi waliyoirithi kwa Don Bosco mwenyewe kule Torino. Union Minière, kampuni ya migodi iliyoundwa 1906, ilijenga kambi zenye shule, na shule hizo zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Ndiyo maana kwenye miji ya migodi kama Kipushi, fanfari, skauti na darasa la sita vilikuwa na mwalimu mmoja.

Usisahau Wakimbangu. Simon Kimbangu alifungwa hapa Elisabethville na alikufa hapa hapa 12 Oktoba 1951. Kanisa lake lilikubaliwa na serikali mwisho wa Desemba 1959, na fanfari yao, FAKI, ni mkono mzima wa kanisa, yenye sare ya kijani na nyeupe. Mpigaji wa parokia aliyeacha kuonekana miaka ya 1960 au 1970, kabla ya kuandika kwamba "aliacha muziki", muulize mjane wake kama hakuvaa kijani.

Kuna pengo moja mutakalokutana nalo karibu kila mahali: 1972. Serikali ilipiga marufuku vikundi vya vijana vya makanisa, vyote viingie JMPR, tawi la vijana la chama cha Mobutu. Mwisho wa 1974 shule za makanisa zikachukuliwa na serikali, zikarudishwa 1977. Vyombo vilienda wapi miaka hiyo? Vingine vilifichwa sakristia, vingine vilipiga kwenye animasyo, nyimbo na ngoma za kusifu chama. Chombo kilichopakwa rangi ya kijani juu ya shaba, au ngoma yenye mwenge (alama ya chama) chini ya rangi mpya, ni cha kundi la pili. Musikwangue! Pigeni picha kwanza.

Pengo la pili ni miaka ya 1990. Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za mukuba (shaba nyekundu) kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ikashuka chini ya 50,000 kufikia 1994. Mshahara ulipokatika, wa kwanza kuondoka walikuwa wapiga besi na baritoni, watu wazima wenye familia. Vijana wa tarumbeta walibaki. Fanfari yenye matarumbeta manane bila besi haifi siku hiyo, inapiga kelele mwaka mmoja au miwili ndipo inakufa.

Kijana_wa_Kipushi

Aksanti sana wakubwa. Tumekuta Debout Congolais ukurasa wa 4 na La Zaïroise ukurasa wa 22 katika daftari la pili. Brabançonne hakuna popote. Sasa swali la fundi: pistoni kwenye vyombo 9 zimekwama kabisa. Kuna kijana ana koleo na mafuta ya mawese, tumwachie?

FundiMukuba

Koleo HAPANA. Mawese HAPANA. Mafuta yoyote ya kupikia yanakauka yanakuwa gundi, na nusu ya pistoni zenu pengine zimekwama kwa sababu mtu alishayatia zamani.

Fanyeni hivi, chombo kimoja kimoja, kimalizike ndipo kingine kifunguliwe:

1. Picha pande nne, na karatasi yenye namba ya chombo. Hakuna kufungua kitu kabla ya hapo.

2. Vifuniko vya juu na chini vya pistoni. Visipofunguka kwa mkono, gongagonga kuzunguka kwa mpini wa nyundo wa mti, taratibu, mara ishirini thelathini. Mtetemo unavunja chumvi kwenye hesi. Halafu shika kwa kipande cha tairi ya ndani ya baiskeli.

3. Pistoni iliyokwama: tia petroli ya taa (mafuta ya taa, si ya gari) matone matano juu, matano chini, lala nayo usiku. Asubuhi sukuma kutoka chini kwa kidole gumba au kijiti kilichofungwa kitambaa. Ukipiga kwa chuma unapinda ukingo, na pistoni inakaa kwenye nyumba yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Ikipata mkwaruzo, hewa inavuja, na kumpata fundi wa kuirudisha ni shida.

4. Pistoni zina namba 1, 2, 3 zilizochongwa. 1 ni ile ya karibu na mdomo wa mpigaji. Musizichanganye, wala kati ya chombo na chombo. Kila moja ilisuguliwa kwa nyumba yake tu. Zikibadilishana, chombo kinapuliza kama bomba lililozibwa na watu wanasema "kimekufa", kumbe ni namba tu.

5. Kulisi zilizokwama: kitambaa chenye maji moto juu ya bomba la nje, dakika tatu, tena na tena. Pitisha mkanda wa ngozi kwenye upinde wa kulisi, mtu mmoja ashike chombo, mwingine avute kwa kushtua. Musitumie moto wa brazero: lehemu ya bati inayeyuka na viungo vyote vinaachia.

6. Kuosha: maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, kamba yenye kitambaa mwishoni kupita ndani. Kutu ya kijani ndani ya bomba la kwanza, lile la kuingilia kipulizio, tia siki kikombe kimoja kwa maji vikombe kumi, dakika kumi na tano, kisha suuza sana. Mukiacha saa nzima siki inaanza kula zinki. Shaba ya njano ni mukuba karibu asilimia 70 na zinki 30. Zinki ikitoka, bomba linageuka rangi ya waridi, vidoa vidoa, na linavunjika kama biskuti. Vidoa vya waridi mukivikuta tayari, chombo hicho kisipigwe, kiende kwenye maonyesho. (Kipushi ilichimba mukuba na zinki pamoja miaka mingi, ajabu kwamba tunakosa tromboni.)

7. Feltri chini ya kitufe cha pistoni. Hapa ndipo watu huharibu kazi yote. Feltri ikiisha, pistoni inashuka chini kupita kiasi, matundu hayakutani na bomba, sauti inakuwa ya kooni. Kateni duara kutoka kofia ya zamani ya sufu, toboeni katikati, na mpime: bonyeza pistoni, chungulia kupitia bomba la kulisi, matundu yakutane kama mwezi mzima. Ukiona mwezi mchanga, ongeza au punguza milimita moja. Kizibo cha kutolea mate: chukua kizibo cha chupa ya divai, kata milimita 4 kwa wembe, kichovye kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyuka, gandisha.

Mafuta ya kila siku: petroli ya taa iliyochujwa inafaa pistoni ingawa inakauka mapema, kwa hiyo kabla ya kila zoezi. Vazelini kwa kulisi tu. Vazelini kwenye pistoni inazigandisha asubuhi ya Juni.

Katuba_Bas

Swali dogo: kati ya vyombo tulivyonavyo sisi huku kuna vinavyoitwa bugle na havina pistoni, vingine bugle vina pistoni tatu. Ni kosa?

FundiMukuba

Ni lugha mbili. Kwa Kifaransa bugle ina pistoni tatu na sauti nene, laini. Kile kisicho na pistoni ni klero, cha askari na skauti, kinatoa nota tano sita tu za asili. Kwa Kiingereza jina limegeuka: bugle ndicho kisicho na pistoni. Kwenye orodha andikeni idadi ya pistoni, jina lije baadaye.

MamaNota

Sasa kupiga. Kwa vyombo 17, hata vikipona 14, gaweni hivi: besi 2 kwanza, baritoni 2, tromboni 2, alto za mi bemoli 3, bugle au tarumbeta 4, saksofoni 1. Ngoma ndogo, ngoma kubwa, matoazi. Jazeni besi kabla ya tarumbeta hata kama vijana wote wanataka tarumbeta. Na jina: shaba na saksofoni ni fanfari. Mukiongeza klarineti na filimbi inaitwa hamoni. Kama daftari la zamani lina sehemu ya klarineti, kundi lenu liliwahi kuwa kubwa kuliko jina lake, na hilo liingie kwenye kurasa kumi.

Kosa la kwanza la kila fanfari inayofufuka ni ufunguo. Nyimbo za kanisa zimeandikwa kwa sauti za kwaya. Wimbo ulio kwenye re, tarumbeta la si bemoli litaupiga kwenye mi, dieze (alama za kupandisha nusu toni) nne, na alto ya mi bemoli kwenye si, dieze tano. Kwa mwanafunzi wa miezi mitatu huko ni kifungo. Upandisheni nusu toni hadi mi bemoli: tarumbeta sasa liko fa, alto liko do. Kwaya haitasikia tofauti, fanfari itaokoka. Ufunguo wa si bemoli ni mzuri pia: tarumbeta do, alto sol.

Baridi nayo. Tuko juu, karibu mita 1,200, na asubuhi za Juni na Julai zinauma. Kila digrii moja chombo kikipoa kinashuka karibu senti 3, na nusu toni ni senti 100. Chombo kilicholala depo kwenye digrii 8, kikapigwa bila kupashwa, kinakuwa chini sana kuliko harmoniamu ya kanisani. Pumzi ya joto ndani ya bomba, dakika kumi, pistoni zote zimebonyezwa, ndipo mlinganishe. Mukilinganisha kwanza, mutavuta na kusukuma kulisi misa nzima.

Mwendo wa maandamano ni hatua 120 kwa dakika. Kwenye kilio shusheni hadi 60 au 66, na mpiga ngoma afunike ngozi kwa kitambaa cheusi. Hicho si pambo, kinakata mlio.

Ngozi_ya_Mbuzi

Ngoma hamjazisema. Zile zenye ngozi ya mnyama iliyokunjwa kwenye duara la mti, musiziwekee plastiki kwa haraka: ngozi za plastiki zilianza mwisho wa miaka ya 1950, kwa hiyo duara la mti la kukunjia ngozi linawapa tarehe pia.

Ngoma ndogo ya inchi 14: ngozi ya mbuzi jike, duara la sentimita 45. Ngoma kubwa: ndama, na uache sentimita 7 au 8 kila upande. Loweka siku nzima, nyoa, kunja ukingo chini ya duara kwa mpini wa kijiko. Kisha kabla haijakauka ikandamize katikati ishuke sentimita moja, ndipo uikaushe KIVULINI siku mbili. Ukisahau kuishusha, ikikauka inajivuta na kupasuka usiku, utasikia kama risasi. Msimu wa mvua inalegea, msimu wa kiangazi inakaza: legeza kamba kila baada ya kupiga kuanzia Mei hadi Oktoba.

Yaya_wa_Mbeni

Na wazee, tuwamalizie. Nendeni na chombo kilichokwisha kuoshwa, musiende na kalamu kwanza. Mzee mpeni heshima yake, "papa, tunaomba mutushikie hiki kidogo", na mnyamaze. Vidole vinakumbuka kabla ya kichwa. Mpigapicha akae upande wa mkono wa kulia.

Tazameni anavyopiga la ya katikati. Kitabu kinasema pistoni 1 na 2. Akitumia ya 3 peke yake, inatoa sauti ile ile, muulize: "Ya kwanza ilikuwa inakwama?" Mara nyingi hapo ndipo hadithi ya chombo hicho inafunguka, nani alikiangusha na lini.

Usiulize mwaka. Uliza kabla na kisha: kabla au kisha mji kuitwa Lubumbashi (1966)? Kabla au kisha Englebert (timu ya mpira, TP Mazembe ya leo) kubeba kombe la Afrika mara ya kwanza (1967)? Vita ya Kolwezi (1978)? Papa Yohane Paulo alipokuja Lubumbashi (Agosti 1985)? Halafu: "Kiti chako ulimwachia nani, na wewe ulikipokea kwa nani?" Chora mstari kwa kila kiti, besi ya kwanza, besi ya pili, hadi ngoma. Miaka ya wazee watatu, 1938, 1947, 1955, yote inaweza kuwa kweli: mmoja anahesabu kwaya, mwingine ngoma, mwingine siku matarumbeta yalipofika.

Kijana_wa_Kipushi

Tromboni namba 6 imefunguka leo. Ndani ya upinde wa kulisi kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, nota za biki, sehemu ya baritoni, La Katangaise. Tumeiacha ikauke chini ya kitabu.

Solfeji_Kamalondo

Piga picha ya nyuma yake pia, mwanga wa pembeni. Na kesho muulize mzee wa 1955 nani alikuwa kwenye kiti cha baritoni.